Ndege ikichelewa Dar, usiondoke kaunta mikono mitupu

Mwaka juzi nilikuwa narudi Uingereza baada ya wiki tatu za nyumbani. Ndege ilikuwa iondoke saa 10 alfajiri. Saa 8 usiku ubao wa Jengo la Tatu, Uwanja wa Julius Nyerere, ukabadilika: imechelewa, bila kusema mpaka lini. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, kajitanda khanga juu ya sweta, mkononi bahasha ya kaki yenye karatasi zake zote za viza. Alikuwa anakwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Kaunta wakamwambia, "Subiri tu, mama, tutatangaza." Akajibu, "Haya mwanangu, asante," akaenda kukaa.

Mimi niliomba barua ya kuthibitisha kuchelewa nikaipata. Wazo la kumfuata yule mama na kumwombea yake lilinijia saa 12 asubuhi, na zamu ilikuwa imeshabadilika. Walioingia walisema hawana taarifa ya usiku. Tuliondoka mchana, ndege yake ya kuunganisha ikawa imeshampita, na hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba kosa si lake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Wengi wetu tumelelewa kutosumbua watu. Lakini wazee hao hao waliotulea walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na tiketi ya kwenda na kurudi nyumbani ni mali. Kwa familia nyingi ni akiba ya mwaka mzima.

Mambo yanayoharibika siku ya kununua

Ukikata tiketi kwa wakala, awe Kariakoo au London, hakikisha namba yako ya simu na barua pepe yako ndizo zilizowekwa kwenye buku, yaani kumbukumbu ya tiketi yako kwa shirika (booking). Mawakala wengi huweka za kwao. Shirika likibadilisha saa ya safari, ujumbe unakwenda kwa wakala ambaye amelala, na wewe unafika uwanjani ukakuta ndege ilitangulia au imesogezwa kesho. Omba ile namba ya buku, yenye jumla ya herufi na tarakimu sita, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka mawasiliano yako. Ni kazi ya dakika tano.

Saa za tiketi nazo zimeliza watu. 03:15 kwenye tiketi ni saa 9 na robo usiku, siyo saa 3. Na tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40, maana yake unatoka nyumbani tarehe 14 jioni. Ukimtumia mzazi tiketi, mwandikie kwa Kiswahili siku na saa ya kutoka nyumbani, kisha umpigie akusomee alichoelewa.

Kama unatoka Mwanza, Songwe au Mtwara, kumbuka kwamba ndege za ndani zinatua Jengo la Pili, na za nje, tangu 2019, zinatumia Jengo la Tatu. Si kutembea hatua mbili na mabegi matatu, unahitaji gari. La hatari zaidi ni tiketi mbili tofauti. Ukinunua Mwanza–Dar peke yake na Dar–Ulaya peke yake, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili linakuhesabu kwamba hukutokea. Hawana deni nawe. Kwenye tiketi moja, wanaokuchelewesha ndio wanaopaswa kukufikisha. Mimi nikiwa na tiketi mbili ninalala Dar usiku mmoja. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko tiketi mpya ya dakika ya mwisho.

Sheria inafuata ulikotokea na ndege ya nani

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha walizostahili, kwa hiyo nisome polepole.

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inamlinda abiria yeyote anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, kwa ndege ya shirika lolote, na anayeingia Ulaya kwa shirika la Ulaya. Haiangalii pasipoti. Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania ana haki ileile aliyonayo Mjerumani aliyekaa kiti cha pembeni. Uingereza ilibaki na kanuni ya namna hiyo hiyo baada ya kutoka kwenye Umoja.

Chukua mfano wa mtu anayetoka Frankfurt kuja Dar kupitia Addis Ababa na Ethiopian, tiketi moja. Shirika ni la Afrika, lakini safari imeanzia Ulaya, basi kanuni inamhusu. Akifika Dar amechelewa kwa muda wa saa 3 au zaidi, na sababu ni hitilafu ya ndege au uzembe wa ratiba, fidia ni euro 600, kwa kuwa umbali unazidi kilomita 3,500. Kuchelewa kukiwa kati ya saa 3 na 4, shirika linaweza kuipunguza nusu. Kutoka Uingereza kiwango ni pauni 520. Kinachopimwa ni saa ya kufika mwisho wa safari, na mahakama ya Ulaya ilishaamua kwamba kufika ni pale mlango wa ndege unapofunguliwa, siyo matairi yanapogusa ardhi. Kwa hiyo mlango ukifunguka, piga picha ya saa ya simu yako. Dakika kumi zile zinaweza kuwa na thamani ya mshahara wa mtu.

Sasa geuza safari. Mtu huyo huyo anarudi, Dar kwenda Frankfurt kupitia Addis. Ametoka nje ya Ulaya na shirika si la Ulaya. Kanuni ya 261 haimgusi. Angerudi na KLM, shirika la Uholanzi, kupitia Amsterdam, ingemgusa. Tofauti hii mimi huiweka kwenye hesabu ninapolinganisha nauli, hasa nikiwa na kazi Jumatatu asubuhi.

Hali mbaya ya hewa, usalama na mgomo wa waongoza ndege huliondolea shirika fidia ya fedha. Lakini chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini haviondoki. Kwa safari ndefu kama zetu, chakula kinaanza kudaiwa kuchelewa kwa kuondoka kukifikisha muda wa saa 4, na kukifikisha muda wa saa 5 unaweza kuacha safari na kurudishiwa nauli yako. Hitilafu ya kawaida ya mitambo haihesabiwi kuwa dharura isiyozuilika, ingawa barua nyingi za kukataa zinaandikwa kana kwamba ni hivyo. Ukiijibu barua hiyo kwa utulivu, mara nyingi wanabadilika.

Mlioko Marekani, shirika likifuta safari, au safari ya kimataifa ikisogea saa 6 au zaidi na wewe ukaamua hutaki tena kusafiri, unastahili kurudishiwa fedha zako, siyo vocha. Kanada nayo ina fidia ya hadi dola 1,000 za kwao kwa mashirika makubwa, kuchelewa kukifikisha muda wa saa 9 na kosa likiwa lao.

Na Dar je? Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao unasimamia safari za kimataifa. Huo hautoi kiwango maalumu cha fidia kwa kila abiria. Unakurudishia hasara uliyoipata kwa kucheleweshwa, mpaka kikomo fulani, ukiweza kuithibitisha, na shirika likishindwa kuonyesha kwamba lilifanya kila linalowezekana kuzuia hasara hiyo. Neno kubwa hapo ni kuthibitisha. Chakula, gesti, Bolt ya kurudi Mbagala usiku na kuja tena asubuhi, vyote vinahitaji karatasi. Dai risiti ya mashine, ile ya EFD, maana inaonyesha tarehe na saa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala.

Pale kaunta

Watu waliokaa kaunta ya Dar usiku, mara nyingi si waajiriwa wa shirika la ndege. Ni wa kampuni inayohudumia mashirika kadhaa, na hawana mamlaka ya kukupa hoteli wala kukuhamishia ndege nyingine. Ukimfokea binti wa watu aliyeanza zamu saa 2 usiku, unamuumiza bure. Anayeamua ni meneja wa shirika wa kituo, au meneja wa zamu, na huyo yupo uwanjani au kwenye simu.

Msalimie kwanza, kama unavyomsalimia mtu yeyote. "Dada, habari za kazi. Najua usiku ni mgumu. Naomba unisaidie kumpata meneja wa zamu wa shirika, na naomba barua inayoonyesha namba ya ndege, saa iliyopangwa, saa mpya na sababu." Sema hivyo bila kupandisha sauti, kisha usiondoke. Usiende kukaa. Kaa pembeni ya kaunta uonekane, ukiwa na kalamu. Mara nyingi karatasi huja. Isipokuja, piga picha ubao wa safari, andika jina lililo kwenye kitambulisho cha aliyekuhudumia na saa mliyozungumza, kisha tuma maelezo hayo kwa barua pepe ya shirika kabla hujapanda ndege. Yafanye kabla zamu haijabadilika.

Ukiwa kwenye foleni, tumia simu yako. Shirika kubwa lina namba za nchi nyingi, na kwenye mojawapo ni mchana. Nimewahi kuhamishiwa ndege nyingine kwa kupiga ofisi ya Toronto, wakati walio mbele yangu bado wanasubiri kuhudumiwa.

Ukipewa vocha au karatasi ya kusaini, isome yote. Kwa kanuni ya Ulaya, fidia ni fedha taslimu au ya benki, na vocha ni mpaka wewe ukubali kwa saini yako. Nimeona watu wakisaini kuuza euro 600 kwa vocha ya chakula kwa sababu walikuwa na usingizi.

Angalia pia viza na kibali chako cha ukaazi. Kama kinaisha kesho, mwambie meneja mapema na aandike kwenye barua kwamba umecheleweshwa na shirika. Ofisa wa uhamiaji kule mbele anataka karatasi.

Kadi ya msafiri

Anayesafiri mara mbili au zaidi kwa mwaka asitawanye maili zake, yaani pointi anazopewa na shirika kwa kusafiri nalo. Mashirika yameungana kwa makundi: Ethiopian na Turkish ziko Star Alliance, Kenya Airways na KLM ziko SkyTeam, Qatar Airways iko oneworld. Chagua kundi moja. Ukipanda daraja la uanachama, usiku wa kuchelewa una foleni yako, namba yako ya simu na mahali pa kukaa penye soketi. Haki ya fidia haiongezeki kwa kadi wala haipungui kwa kukosa kadi. Ukihamishiwa ndege ya kundi jingine, tunza vipande vya pasi za kupandia, kisha dai maili za safari uliyonunua awali.

Begi lisipotokea

Usitoke ukumbi wa mizigo bila kuripoti. Utapewa namba inayoanza na DAR, halafu herufi mbili za shirika na tarakimu tano. Begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipokea. Lisipoonekana kwa siku 21 linahesabiwa limepotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachokaribia dola 2,000 za Marekani. Piga picha begi likiwa wazi kabla ya kulifunga. Vitenge vya harusi ya mdogo wako havina risiti, lakini picha inayo nguvu.

Kwenye madai, andika kwanza shirika lenyewe, wewe mwenyewe, kwa Kiingereza kifupi chenye namba ya ndege na kiasi unachodai. Kampuni za kudai kwa niaba yako hukata robo au zaidi. Kwa safari ya kutoka Tanzania, wakikaa kimya, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo ina Baraza la Ushauri la Watumiaji kwa ajili hiyo. Kesi chini ya Montreal ina kikomo cha miaka 2.

Na kama unamleta mzazi, mwekee karatasi moja juu ya bahasha yake, kwa herufi kubwa. Jina lake, namba ya ndege zote mbili, namba yako. Chini yake andika kwa Kiswahili na Kiingereza: "Ndege yangu imechelewa. Naomba barua inayoonyesha sababu, naomba chakula na mahali pa kulala, na tafadhali mpigie mwanangu." Mwambie asiipeleke kaunta kisha aende kukaa. Aishike mkononi mpaka wapige.