Uza kilo, usiuze ng'ombe: namna ya kupata malipo ya haki kwa ng'ombe wa nyama

Ng'ombe akiuzwa kwa kutazamwa tu, anayejua uzito wake ni mnunuzi. Yeye hununua kila wiki na huona mizoga, yaani ng'ombe waliochinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo, ikitundikwa kwenye mizani, ilhali mfugaji huuza mara chache kwa mwaka na mzoga wenyewe haoni. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia soko jipya, jua una kilo ngapi na kila kilo imekugharimu kiasi gani.

Kupima

Mizani ya mifugo ndiyo bora. Kama huna, utepe wa fundi cherehani unatosha kwa makadirio. Simamisha ng'ombe mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa na kichwa kikitazama mbele, asubuhi kabla hajala. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kama ana nundu, upite nyuma ya nundu. Ubane bila kuminya. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Zidisha mzingo wa kifua kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu ni kilo: mzingo 160 na urefu 130 ni kilo 307.

Kosa kubwa hutokea kwenye mzingo, kwa sababu unazidishwa mara mbili. Ukikosa sentimita 5 tu, ng'ombe huyo huyo anashuka hadi kilo 288. Pima mara tatu uchukue wastani. Ng'ombe mwenye mimba usimpime hivi kwa ajili ya kuuza, kipimo kitakudanganya.

Uzito hai si nyama. Ng'ombe wa malisho matupu kwa kawaida hutoa mzoga wa asilimia 48 hadi 52 ya uzito wake, na aliyenenepeshwa vizuri hufika 54 hadi 60. Tuseme kilo ya mzoga inanunuliwa kwa 10, kwa fedha yoyote unayotumia. Kilo hai ya ng'ombe wa asilimia 50 ina thamani ya 5, na ya asilimia 55 ni 5.5. Ukijua hesabu hii, utaweza kulinganisha mnunuzi anayelipa kwa uzito hai na yule anayelipa kwa mzoga. Huyu wa pili muulize pia: mzoga unapimwa wa moto au uliopoa? Mzoga ukilala kwenye ubaridi hupungua kama asilimia 2. Na ngozi, kichwa, miguu na matumbo ni vya nani? Vina soko lake, kwa hiyo visipotajwa kwenye bei umevitoa bure.

Kunenepesha: piga hesabu kabla ya kununua

Hapa ndipo wengi huumia. Chukua dume wa kilo 250 aliyenunuliwa kwa 5 kwa kilo, yaani 1,250. Akiongezeka kilo 0.9 kwa siku kwa siku 100, atafika 340. Kwa siku anakula chakula kikavu, yaani kikihesabiwa bila maji yake, cha takriban asilimia 2.5 ya uzito wake: wastani wa kilo 7.4, au kilo 740 kwa muda wote. Kama kilo ya chakula hicho ni 0.4, chakula kimekula 296. Ukiuza kwa 5 unapata 1,700. Toa 1,250 na 296, inabaki 154 ya dawa, vibarua, usafiri na hasara ya vifo.

Sasa bei ikishuka hadi 4.6, mauzo ni 1,564 na kinachobaki kulipia vyote hivyo ni 18. Umefanya kazi miezi mitatu kwa hasara, na ng'ombe hakuugua hata siku moja. Kwa hiyo usinunue ng'ombe wa kunenepesha kabla ya kujua utamuuza kwa nani, lini na kwa bei gani ya chini.

Chagua aliyekonda kwa kukosa malisho, mwenye mifupa mipana na afya njema. Akipata chakula hurudisha mwili kwa kasi. Aliyekonda kwa ugonjwa mwache. Badilisha chakula polepole kwa wiki mbili au tatu, maana nafaka nyingi kwa ghafla hujaza tumbo asidi na huweza kuua. Pima kila baada ya wiki mbili. Ongezeko likishuka huku ulaji ukibaki pale pale, ng'ombe anajenga mafuta, na mafuta hula chakula kingi kuliko nyama. Uza.

Mwenye ng'ombe wa kuzaa ana hesabu nyingine: jike asiyezaa naye anakula kila siku. Wapimwe mimba baada ya msimu wa kupandisha, na asiyeshika auzwe akiwa bado na mwili mzuri.

Kilo zinazopotea njiani

Safari ndefu bila maji hupunguza uzito hai kwa asilimia 5 na zaidi. Sehemu kubwa ni maji na kinyesi, lakini safari ikirefuka hata nyama yenyewe hupungua. Fimbo, pembe na msongamano huacha michubuko, na nyama iliyochubuka hukatwa na kutupwa. Ng'ombe aliyetaabika huchinjwa akiwa amemaliza sukari ya misuli. Nyama yake huwa nyeusi, huharibika mapema, na wanunuzi huishushia bei. Usichanganye ng'ombe wasiofahamiana siku ya kupakia. Chapa ya moto iwe shavuni au chini mguuni, si mbavuni, ili ngozi isipoteze thamani. Dawa nazo zina siku za kungoja kabla ya kuchinja: soma kibandiko, andika tarehe.

Mwenye ng'ombe watatu hana nguvu ya kujadili bei. Wafugaji wakikusanya lori zima la ng'ombe wa umri na uzito unaokaribiana, gharama ya usafiri kwa kichwa inashuka na mnunuzi anaokoa safari. Ombeni sehemu ya akiba hiyo iingie kwenye bei. Makubaliano yaandikwe kabla ya kupakia: bei ya kilo, ng'ombe wapimwe wapi na saa ngapi, makato yote, siku ya malipo. Siku ya kupima mmoja wenu awepo, aone mizani ikisoma sifuri kabla ya ng'ombe wa kwanza kupanda, na aandike kila uzito kwa mkono wake.