Kuchagua njia ya data kupitia relei: mfano wa vilima vya Kabale

Mnara ukiwa upande mmoja wa kilima na kijiji upande wa pili, kama ilivyo kando ya Ziwa Bunyonyi nchini Uganda, relei (vituo vidogo vinavyopokea ishara na kuituma tena) hupokezana data mpaka imfikie mtumiaji. Wengi huchagua njia yenye miruko michache (mruko ni hatua moja kutoka kifaa hadi kifaa), na mara nyingi hupoteza kasi bila sababu. Hapa tunachukulia kwamba viungo vyote, yaani mawasiliano kati ya kifaa na kifaa, vinatumia masafa yaleyale, yenye leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda), na kwamba kimoja tu hutuma kwa wakati mmoja.

1. Pima kila kiungo. Kipimo cha RSRP huonyesha nguvu ya ishara tu. Soma pia SINR (ishara ikilinganishwa na mwingiliano na kelele), kisha pima kasi halisi, asubuhi na jioni. Kwenye masafa ya kawaida ya simu mvua haina madhara makubwa. Mikaratusi inayoendelea kurefuka kati ya relei mbili ndiyo ya kuogopwa.

2. Geuza kasi kuwa muda. Gawanya 1,000 kwa kasi ya kiungo (megabiti kwa sekunde). Utapata milisekunde zinazotumika kwa kila megabiti. Jumlisha za njia nzima; jumla hiyo ndiyo gharama ya njia:

- Moja kwa moja, kasi 4: 250
- Miruko miwili, 30 na 6: 33 + 167 = 200
- Miruko mitatu, 40 kila mmoja: 25 + 25 + 25 = 75

Njia ndefu imeshinda: inatoa megabiti 13 hivi kwa sekunde, ile ya miruko miwili 5 tu. Kiungo kimoja dhaifu hula muda wa wote. Lakini usiongeze relei ovyo, maana mruko wa nne wenye kasi 40 ungefikisha jumla 100, na kila relei huongeza ucheleweshaji unaosikika kwenye maongezi ya simu.

3. Ingiza msongamano kwenye hesabu. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Tuseme relei ya pili kwenye njia ya miruko mitatu imeshikwa na wateja wengine robo tatu ya muda wake. Viungo vyake viwili vinabaki na kasi 10, na gharama inakuwa 25 + 100 + 100 = 225. Sasa njia ya miruko miwili ndiyo bora.

4. Acha mnara uamue. Relei zikiamua zenyewe kwa taarifa zilizopitwa na wakati, data huzunguka bila kufika. Kagua vifaa kwanza: relei za LTE (4G) za Toleo la 10 la 3GPP, shirika la viwango vya simu, haziungwi moja nyuma ya nyingine; IAB, mfumo wa relei wa 5G wa Toleo la 16, inaruhusu.

5. Zuia kuyumba. Hamisha njia pale tu gharama mpya ikiwa chini kwa asilimia 20 hivi, katika vipimo vitatu mfululizo. Bila hivyo wateja wote huhamia relei tupu, inajaa, wanarudi.

6. Jaribu njia ya akiba. Zima relei ya kati huku ukituma pingi (ujumbe mfupi wa majaribio unaopaswa kujibiwa). Zisiporudi, huenda njia ya akiba inapitia relei ileile, au inategemea betri ileile ya sola.