Kigari cha mtoto: geuza kiti kabla hujalipa

Ukitaka kigari ambacho mtoto anakutazama, usiridhike na kuambiwa "kinageuka". Kigeuze mwenyewe palepale dukani, halafu ukisukume. Vingine hugeuza mpini tu, si kiti, na hapo magurudumu madogo yanayozunguka hubaki upande wako. Kukata kona kunakuwa kazi kwelikweli. Jaribu pia kukikunja kigari, kiti kikiwa kimekuelekea, maana baadhi havikunjiki mpaka uchomoe kiti kwanza, na mtoto umembeba. Kwa mtoto mchanga, mgongo wa kiti ulale bapa kabisa.

Utafiti wa Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, uliotoka 2008, ulionyesha wazazi huzungumza zaidi na mtoto wanayetazamana naye. Tena akicheua, unamwona papo hapo. Rangi utachagua mwishoni.