Kabla hujanunua kitabu cha kutambulia nyasi, ndago na kangaga huku Malindi

Kwanza kabisa, siku ukienda kukagua kitabu chuma ndago moja shambani uende nayo. Picha za rangi achana nazo, fungua ile sehemu ya maswali, inayokuuliza shina liko vipi, maua yamekaaje, uifuate hadi mwisho. Isipokufikisha kwa Cyperus rotundus, ndilo jina la kitaalamu la ndago hiyo, rudisha kitabu, manake ndago yaijua hata mtoto, kama hiyo imekishinda hizo ngeni itakuwaje.

Nyasi kwa picha zafanana zote, majani kijani basi. Tafuta kitabu chenye michoro ya wino, kisuke kimoja, yaani kile kifungu kidogo cha maua ya nyasi, kimekuzwa ukurasa mzima uone na vinywele vyake.

Pia usikiamini kitabu kinachoishia hapo kwa shina la pembe tatu ni ndago, la duara ni nyasi. Ni kweli ukiliviringisha shina la ndago vidoleni pembe wazisikia, lakini Eleocharis za kwenye maji ni jamii ya ndago na nyingi shina lake ni duara kabisa, sasa hapo utasemaje? Kitabu cha maana kitakuuliza na ile ala ya jani inayokumbatia shina, kwa nyasi nyingi imepasuka upande mmoja, kwa jamii ya ndago imefunga kama mkono wa kanzu. Na kangaga hivyo hivyo, vitabu vingi vyakwambia tafuta vidoa chini ya jani, nenda nyuma ya mikoko ukague Acrostichum aureum, lile kangaga refu kushinda mtu, vidoa hutoviona, vijani vya juu vimepakwa hudhurungi chini kote.

Vya Ulaya waachieni wenyewe, vya nyanda za juu za Kenya navyo vizuri lakini si vya mchanga wa Mambrui. Kwa nyasi mimi ningetafuta kile cha Ibrahim na Kabuye cha FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, 1987, ni cha Kenya nzima. Kwa jamii ya ndago kuna Haines na Lye, 1983, kimeshika Afrika Mashariki na ndani mna Juncus pia, mimea mingine inayofanana na ndago, ingawa hizo ni za kwenye baridi zaidi, kwa mtu wa pwani zisikuumize kichwa. Ile Flora of Tropical East Africa ndiyo baba yao, lakini nyasi peke yake ni vitabu vitatu, hiyo isomee nyumbani.

Vitabu vya zamani vina majina ya zamani, Panicum maximum siku hizi ni Megathyrsus maximus, kwa hivyo andika jipya pembeni kwa penseli, si wino, manake wataalamu hawa hawakawii kubadilisha tena. Na pesa ikibaki nunua lenzi ya kukuza mara 10, bila hiyo maswali ya kisuke hutoyajibu hata kitabu kiwe kizuri vipi.