Kitenzi na mkia wake: jinsi ya kushika vihusishi vya Kiingereza

Barua za kuomba kazi ninazoletewa nisahihishe mara nyingi hazina shida ya msamiati. Mwandishi maneno makubwa anayo. Anapokwama ni kwenye vineno vidogo: “on”, “for”, “to”, “in”, “of”. Mstari wa kwanza kaandika “I request for a job”, wa pili “the post which I applied”. Pasipohitaji kihusishi kakitia, panapokihitaji kakiacha. Kukariri orodha ndefu hakusaidii sana. Jua kwanza Kiswahili kinakuvuta upande gani, ndipo uanze kuandika. Chukua daftari, twende.

Hatua ya 1: Kagua vitenzi vya Kiswahili unavyovitumia kila siku

Tunasema “nisubiri”, “nisikilize”, “niangalie”, “wananicheka”. Mtendwa amekaa ndani ya kitenzi, hakuna kihusishi kinachosikika. Ndiyo maana mtu husema “wait me” bila wasiwasi wowote. Kiingereza kinataka “wait for me”, “listen to me”, “look at me”, “they are laughing at me”. “Nieleze” nayo imezaa “explain me”, ilhali sahihi ni “explain it to me”. “Nijibu” ina njia mbili: “answer me” bila kihusishi, au “reply to me” chenye kihusishi. Ukizichanganya unapata “reply me”, ambayo imejaa kwenye meseji zetu.

Upande wa pili kuna vitenzi vyetu vinavyotaka “na” au “kuhusu”, na wenzao wa Kiingereza hawataki kitu. Kuwasiliana na mtu ni “contact somebody”. Kufunga ndoa na mwalimu ni “marry a teacher”, siyo “marry with”. Kujadili kuhusu bajeti ni “discuss the budget”. Ile “about” ifute. Kuingia chumbani ni “enter the room”, na “enter into” iache kwa mikataba na makubaliano. Kufika ni “reach Mwanza” au “arrive in Mwanza”, na kama ni ofisini basi “arrive at the office”.

“Kwa” ndiyo msumbufu kuliko wote. Kwa kisu ni “with a knife”, kwa basi ni “by bus”, kwa shangazi ni “at my aunt’s”. Usijaribu kuitafutia neno moja la Kiingereza, hutalipata.

Hatua ya 2: Usiandike kitenzi peke yake daftarini

Andika kitenzi pamoja na mkia wake, na uonyeshe nafasi ya mtu na nafasi ya kitu. Usiandike “apologise = kuomba radhi”. Andika “apologise to somebody for something”. Kamusi nzuri za wanaojifunza Kiingereza hukuonyesha hivyo hivyo, zikifupisha mtu kuwa “sb” na kitu kuwa “sth”. Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani. Kamusi yake ya mwaka 1942 ilipanga vitenzi kwa mifumo. Wengi wetu tukifungua kamusi tunasoma maana na kufunga, tukiacha “sb” na “sth” ambazo ndizo tulizozihitaji.

Ukishakuwa na vitenzi kadhaa, vipange kwa maana. Vya kuzuia na kukinga hupenda “from”: “prevent somebody from”, “stop”, “protect”, “save”. Vya kulaumu, kushukuru na kuadhibu hutaja sababu kwa “for”: “blame”, “thank”, “punish”, “praise”. Vya kutuhumu huchukua “of”: “accuse somebody of theft”, “suspect”, “convict”. Ila polisi wakimfungulia mtu mashtaka inakuwa “charge somebody with theft”, na hapo hapana ujanja, shika hivyo hivyo. Vya kutegemea na kukazia huenda na “on”: “depend”, “rely”, “insist”, “concentrate”.

Hatua ya 3: Nomino iandikie mstari wake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo hata wenye shahada huteleza. Kitenzi kinaweza kukosa mkia, nomino yake ikawa nao:

“request a loan”, lakini “a request for a loan”
“demand an answer”, lakini “a demand for an answer”
“discuss the matter”, lakini “a discussion about the matter”
“emphasise discipline”, lakini “emphasis on discipline”
“lack money”, lakini “lack of money”
“visit Zanzibar”, lakini “a visit to Zanzibar”
“affect prices”, lakini “an effect on prices”

Tazama orodha hiyo kwa makini utaona “request for” na “emphasise on” zinatoka wapi. Mtu amesikia mkia wa nomino akaubandika kwenye kitenzi.

Mtego wa pili ni “-a” unganifu. Sisi tunasema suluhisho la tatizo, sababu ya kuchelewa, ufunguo wa mlango, ongezeko la bei, na mkono unaandika “of” wenyewe. Kiingereza kinasema “a solution to the problem”, “the reason for the delay”, “the key to the door”, “an increase in prices”. Kinachopanda au kushuka hufuata “in”. Kiasi cha kupanda ndicho hufuata “of”. Kwa hiyo “an increase in prices of 10 per cent” ni kifungu salama. “Cause” haifanani na “reason”: yenyewe ni “the cause of the fire”. Na familia moja inaweza kugawana mikia mitatu: “dependent on”, “independent of”, “independence from”, kama katika “Tanganyika gained independence from Britain in 1961”.

Kila nomino unayoitilia shaka, usitumie “of” mpaka uihakikishe kwenye kamusi.

Hatua ya 4: Kitenzi kikifuata kihusishi, kipe “-ing”

“Thank you for coming.” “She insisted on paying.” Hilo ni jepesi. Gumu ni “to”, kwa sababu lina kazi mbili. Lijaribu kwa kuweka nomino baada yake: ukiweza kusema “I look forward to your reply”, basi “to” hiyo ni kihusishi, na kitenzi kitakuwa “I look forward to hearing from you”. Wanaomaliza barua kwa “to hear from you” ni wengi mno, na mwajiri anausoma mstari huo mwishoni kabisa.

Hatua ya 5: Mkia usipotee sentensi inapogeuka

“Kazi niliyoomba” haina kihusishi, kwa hiyo tunaandika “the job I applied”. Rudisha “for”: “the job I applied for”. Mtu ninayemsubiri ni “the person I am waiting for”. Kwenye barua rasmi unaweza kuutanguliza, “the post for which I applied”, lakini usiuweke mara mbili.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye aya nzima

Hii nimeitunga kutokana na makosa ninayoyaona zaidi:

“I am writing to request for the post of store clerk. My former work comprised of receiving goods and it resulted to a decrease of losses. I can cope up with pressure.”

Na hivi ndivyo ninavyoirekebisha:

“I am writing to apply for the post of store clerk. My former work consisted of receiving goods and it resulted in a decrease in losses. I can cope with pressure.”

“Comprise” inasimama yenyewe. Inayotaka “of” ni “consist”. “Result to” imeazima mkia wa “lead to”, ambayo ni sahihi. Angalia pia kwamba “result from” inageuza maana: hapo unataja chanzo, si matokeo. “Cope up” nadhani imetoka kwa “keep up with”. Ile “up” iondoe.

Sasa toa barua uliyoandika mwenyewe hivi karibuni. Pigia mstari kila kitenzi na kila nomino iliyotokana na kitenzi, kisha tazama neno linalofuata. Penye shaka fungua kamusi, na mstari sahihi uuhamishie daftarini ukiwa sentensi kamili.

Ukikutana na “write me” kwenye maandishi ya Wamarekani usishangae, kwao ni kawaida. Waingereza huandika “write to me”. Kwa mitihani na barua za ofisini huku kwetu, fuata ya Uingereza mwanzo hadi mwisho.