Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe na kuhudhuria kikao cha kwanza

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hapa Nairobi wameshasikia habari za AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kinachowashinda ni kwenda. Wanajiuliza nitaandikwa jina, nitahubiriwa, nikikutana na bosi wangu je? Basi tuanze.

Hatua ya 1: Mwili kwanza

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate pombe ya kutoa loki, yaani ya kutuliza mwili, usiache ghafla peke yako. Degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuanza kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo. Hali hiyo huua. Nenda hospitali, umwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo. Kikundi hakitoi dawa, na kwenda hospitali hakukuzuii kuhudhuria.

Hatua ya 2: Tafuta kikao kilicho karibu

Ukiwa Kenya, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya bure. Waambie uliko na uulize vikao vya AA vilivyo karibu nawe. Tovuti ya AA nayo itakuelekeza. Njia ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kumuuliza mshauri wa kituo chochote cha matibabu ya uraibu. Kazi yetu inatulazimu kujua nani anakutana wapi.

Ratiba hubadilika, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda matatu. Uliza kama kikao ni cha wazi, ambacho yeyote anaweza kuingia, au ni cha walio na tatizo la pombe pekee. Usishtuke ukielekezwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kikundi hupanga chumba tu, na AA si ya dhehebu lolote. Muislamu anakaa, na asiye na dini anakaa. Sala fupi ikisomwa, si lazima uitamke.

Kama kwenu hakuna kikundi, viko vikao vya mtandaoni. Vinasaidia, ila ukipata cha ana kwa ana, hata kama ni mara moja kwa mwezi, kifuate.

Hatua ya 3: Chagua saa yako mbaya

Sheria ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Wewe unaijua saa yako ya kiu kuliko sheria. Tafuta kikao kinachoangukia hapo hapo. Kikao cha asubuhi ni kizuri, lakini jioni bado inakungoja.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Fika dakika kumi mapema na umwambie anayepanga viti kwamba ni mara yako ya kwanza. Hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna kiingilio. Sharti la uanachama ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Kikapu kitapitishwa cha kodi na chai. Wewe mgeni kiache kipite.

Mtu huanza kwa jina lake la kwanza na kusema yeye ni mlevi, kisha anaeleza yaliyomkuta. Hajibiwi wala hashauriwi. Zamu yako ikifika, unaweza kusema, "Leo nasikiliza tu," na inatosha. Umekunywa kidogo njiani? Ingia hivyo hivyo, ukae kimya.

Hapa ndipo wageni wengi hupotea: wanahesabu tofauti. Yule ana gari, mimi sina. Yule alilala mtaroni, mimi sijafika huko. Sikiliza mahali mnapofanana. Huyu alificha chupa kwenye gunia la unga, yule kwenye tangi la choo. Wewe ulificha wapi?

Na bosi ukimkuta humo, ujue naye amekukuta. Yanayosemwa ndani hayatoki nje.

Hatua ya 5: Usikimbilie stendi

Kwa maoni yangu, nusu ya kazi hufanyika baada ya kikao, wakati wa chai. Omba namba mbili tatu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Jioni hiyo hiyo piga moja, hata kama huna la kusema, ili siku ya shida kidole kisiwe kizito. AA yenyewe ilianzia kwenye simu: mwaka 1935, Bill W. alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani, kiu ya pombe imembana, akapiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Alipelekwa kwa Dk. Bob, na wawili hao ndio waanzilishi.

Baadaye, kati ya watu hao, utamwomba mmoja awe sponsa wako, yaani wa kukushika mkono katika safari hii, mtu aliyekaa angalau mwaka bila pombe. Usimchague kwa ufasaha wa maneno. Mchague anayepokea simu.

Hatua ya 6: Rudi

Kikao kimoja hakitoshi kuamua. Kama watu wa pale hawakukuingia, jaribu kikundi kingine kabla ya kusema AA haifai.

Kwa mke au mume anayetaka kukusindikiza: kwenye kikao cha wazi aingie. Kwenye kile cha walio na tatizo pekee asingoje nje akikagua saa. Familia za walevi zina kikundi chao, Al-Anon, na ukipiga simu kuulizia chako, ulizia na hicho.