Kabla hujaanza Anatomia na Fiziolojia: livunje kwanza neno "mshipa"

Kama umechaguliwa kujiunga na chuo cha afya hapa Tabora, uwe unakwenda utabibu au uuguzi na ukunga, somo litakalokupima kabla ya mengine yote ni Anatomia na Fiziolojia, yaani mwili ulivyoundwa na unavyofanya kazi. Mimi nililisoma, nikalifaulu kwenye karatasi, kisha nikamwumiza mtu kwa sababu sikuwa nimelielewa. Siku hizi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanakuja kituoni kwetu kila mwaka, na wengi wanajikwaa kwenye kisiki kilekile. Yasome haya kabla hujafunga begi.

Ya wazi nayapitia haraka. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na uulize pia kama kozi yenyewe inatambuliwa, si jengo tu. Stashahada ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6, na somo hili linakaa mwanzoni, kwa hiyo hutapewa muda wa kuzoea mazingira kwanza. Nunua makoti meupe mawili. Beba chandarua. Nunua daftari kubwa lisilo na mistari na penseli za rangi nne: nyekundu, bluu, njano na kijani. Hizo rangi nitazirudia hapo chini.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B anza sasa hivi, ungali nyumbani. Kwa kawaida ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Wengi hukumbuka wiki wanayopangiwa wodi, na wanaingia kushika sindano na damu za watu bila kinga.

Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako. Kwenye mchoro wa moyo, upande ulio mkono wako wa kulia ndio kushoto kwa mwenye moyo. Halafu mkao wa anatomia ni mtu amesimama, viganja vimetazama mbele, kwa hiyo kidole gumba kinakaa upande wa nje. Simama hivyo mbele ya kioo kila siku kwa wiki nzima mpaka usiwe unafikiria tena.

Maneno yatakutisha kwa wingi wake, lakini mengi yametoka kwenye mashina machache ya Kigiriki na Kilatini. Ukijua kwamba "hepa" ni ini, "nefro" ni figo, "kadio" ni moyo na "itisi" ni uvimbe wa kuungua kwa ndani, tayari umeelewa nusu ya majina ya magonjwa. Angalia tu yale yanayofanana kwa sikio. Ileamu ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, iliamu ni mfupa wa nyonga. Ureta inatoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu, urethra inautoa kwenye kibofu kuupeleka nje. Yaandike pamoja, ubavu kwa ubavu, na uchore kila kimoja kilipo. Ukiyaacha yakae kichwani kwa sauti peke yake, siku ya mtihani yatabadilishana viti.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno moja, mshipa, na tunalitumia kwa kila kitu mwilini chenye umbo la kamba au mrija. Ule unaodunda ni mshipa. Ule wa bluu mkononi ni mshipa. Unaokaza shingoni ni mshipa. Mtu akipooza tunasema mshipa umekufa. Na mzee akikuambia kwa sauti ya chini "nina mshipa", huenda anakueleza ngiri au busha. Nyumbani neno hilo halina tatizo. Ukiingia nalo chuoni bila kulivunja, utasoma ateri (inayotoa damu moyoni), vena (inayorudisha damu moyoni), neva (inayopeleka hisia na amri) na kano (inayounga msuli na mfupa) kama majina manne ya kitu kimoja, na wala hutajua kwamba ndivyo unavyofanya, kwa sababu kwenye karatasi utayaandika sawasawa.

Mimi niliyaandika sawasawa. Nilisomea madesa, yale ya kurithishana mwaka hadi mwaka, yaliyotolewa fotokopi ya fotokopi hadi michoro imebaki madoa meusi. Ningeweza kukutajia neva ya mediani inapita wapi na inahudumia misuli gani, neno kwa neno, kama mtoto anavyotaja tebo.

Nikiwa mwanafunzi wodini, zamu ya jioni, aliletwa baba mmoja kutoka mashamba ya tumbaku. Alikuwa anachanja kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, panga likateleza likampata kifundoni mwa mkono wa kulia, upande wa kiganja. Jeraha halikuwa refu. Alikuwa amelifunga kwa kipande cha kanga na damu ilikuwa imeshaacha. Nikamsalimia, akaniitikia, akasema, "Dokta, nahisi mshipa umekatika." Nikaweka vidole upande wa kidole gumba, nikasikia mapigo yako vizuri. Nikamwambia, "Hapana baba, mshipa uko salama, unadunda." Nikaandika kwenye faili kwamba hakuna mshipa uliokatika. Aliyekuwa zamu alikuwa na wajawazito wawili na mtoto wa degedege. Akasoma nilichoandika, akaniamini, ngozi ikachomwa ganzi, ikashonwa, mgonjwa akarudi kijijini.

Alirudi baada ya siku kadhaa. Mshono ulikuwa safi. Lakini kwenye ncha za kidole cha shahada na cha kati alikuwa na malengelenge makubwa ya moto. Alikuwa ameshika sufuria ya uji bila kujua kwamba ni ya moto. Alijua alipoona ngozi imebaki kwenye sufuria.

Mkufunzi wetu akamwambia aweke mkono mezani, kiganja kikitazama juu, ainue kidole gumba kielekee dari. Kikatetemeka kidogo, hakikuinuka. Akamwambia akiguse kidole kidogo kwa gumba. Gumba likajikokota kando ya kiganja, likaishia njiani. Kisha mkufunzi akaushika mkono wangu mimi, mbele ya wenzangu, akaniuliza: "Kijana, nionyeshe mshipa." Nikaonyesha pale panapodunda. "Na huu?" Nikasema mshipa. "Na huu?" Nikanyamaza. Baba yule alikuwa ananitazama. Alikuwa ameniambia ukweli siku ya kwanza kabisa. Kilichokatika kilikuwa neva ya mediani, ile inayoleta hisia kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, na inayoendesha misuli iliyonona chini ya gumba. Ilitakiwa igundulike siku ileile, kabla ya sindano ya ganzi, kwa pamba moja tu ya kumgusia ncha ya kidole. Alipewa rufaa kwenda kuunganishwa, lakini hata ikiunganishwa vizuri neva huota takribani milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe kwa rula kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole uone ni miezi mingapi, na huyo ni mtu anayekula kwa jembe.

Kwa hiyo kabla hujafungua daftari la chuo, fanya haya. Hayana gharama kubwa.

Geuza kiganja chako kitazame juu. Weka vidole viwili upande wa gumba: kinachodunda ni ateri ya radiasi, ipake nyekundu kwenye mchoro wako. Vistari vya bluu chini ya ngozi ni vena. Sasa gusanisha gumba na kidole kidogo, kunja kifundo kidogo: katikati itainuka kamba ngumu. Hiyo ni kano, ya msuli uitwao palmarisi longasi, ipake kijani. Kama kwako haiinuki usishtuke, wapo watu wazima kabisa wasio nayo. Na chini ya kamba hiyo, pasipoonekana, pasipodunda, ndipo inapopita neva ya mediani. Njano. Upana wa vidole vitatu, na Kiswahili cha nyumbani kinaviita vyote mshipa.

Kano uliwahi kuichezea utotoni. Mguu wa kuku uliokatwa, ukivuta ule uzi mweupe, vidole vinajikunja. Rudia leo, ukiwa na akili ya chuo. Ule uzi hauhisi wala hautumi habari, kazi yake ni kuvuta tu. Neva haivuti kitu.

Tofauti ya ateri na vena jifunze mkononi mwako pia. Funga mkono juu ya kiwiko kwa kipande cha kitenge, kwa kiasi, vena zivimbe. Chagua iliyonyooka. Bana kwa kidole kimoja upande wa chini, kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea juu mpaka upite kinundu kidogo kilichovimba kwenye vena hiyo, kisha inua kidole cha juu. Kipande cha katikati kitabaki kitupu, damu hairudi, kwa sababu kile kinundu ni vali, kilango kinachoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Inua kidole cha chini, kinajaa papo hapo. Fungua kitambaa usikiache muda mrefu. Jaribio hilo ni miongoni mwa yale aliyoyachora daktari Mwingereza William Harvey mwaka 1628 alipoonyesha kwamba damu inazunguka.

Kisha nenda bucha. Omba moyo wa mbuzi, na umwambie muuzaji mapema asiukwangue juu, akuachie mirija yake. Mara nyingi utakuwa umekatwakatwa na mkaguzi wa nyama; chagua wenye mikato michache. Upasue kwa wembe mpya. Utaona vyumba 4, na utaona ukuta wa ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni hapo jirani na wa kushoto hadi nyayoni. Ingiza kidole kwenye aota, ateri kubwa kuliko zote, usikie inavyokataa kubonyea. Vena kubwa jirani yake inalala kama mfuko mtupu. Figo nunua ya mbuzi au kondoo, si ya ng'ombe, kwa sababu ya ng'ombe imegawanyika mafundo mafundo kwa nje na itakupotosha. Ya mbuzi ni laini kama ya mtu.

Fiziolojia haimezwi. Ukikuta sentensi, iulize kwa nini mpaka ichoke. Chukua Oktoba ya hapa, saa 8 mchana, umetembea kutoka stesheni hadi Isevya bila maji. Mkojo wako ni wa njano iliyokolea na ni kidogo. Kwa nini? Jasho limeondoa maji, damu imekolea chumvi, haipothalamasi ndani ya ubongo imelihisi hilo, pituitari, tezi iliyo chini yake, ikaachia homoni, homoni ikaiambia figo irudishe maji. Figo zote mbili huchuja takribani lita 180 kwa siku na wewe unakojoa lita 1 hadi 2 tu, zilizobaki zimerudishwa. Ukiweza kumsimulia mama yako mkasa huo jikoni, kwa Kiswahili, akaelewa, umeujua. Baada ya hapo ndipo ujifunze kuuandika kwa Kiingereza cha mtihani. Wengi wanaanza na Kiingereza na hawafiki kwenye mkasa.

Jifunze vilevile ramani ya mwili ambayo wagonjwa wanaitumia. Mtu akisema anaumwa chembe ya moyo, kwa kawaida anaonyesha chini ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu, mahali pa tumbo la chakula. Wapo wanafunzi wanaoandika moyo. Na usilipuuze pia, maana maumivu ya moyo wakati mwingine hujitokeza hapohapo. Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Akisema mshipa, mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja.

Mengine madogo. Kama chuo chako kina maiti ya kujifunzia, harufu ya fomalini inachoma macho na pua. Kula kidogo kabla ya kuingia, toka nje ukihisi kizunguzungu, na usipige picha, ule ni mwili wa mtu. Kama kuna modeli za plastiki tu, jua kwamba rangi za modeli hazipo mwilini. Ndani mwetu neva si ya njano kama penseli. Mifupa 206 haikaririwi wiki moja: mkono mmoja kuanzia kifundoni una 27, anza na huo. Usikeshe usiku wa kuamkia OSPE, mtihani wa vitendo wa kupita meza kwa meza, macho yaliyochoka husoma namba ya meza inayofuata. Soma na mwenzako mmoja anayekubishia.

Na ukirudi likizo watakuita dokta kuanzia siku ya kwanza, jirani ataleta sindano aliyoinunua mwenyewe duka la dawa na mtoto mgongoni, atakubembeleza umchome. Mpeleke zahanati, hata kama ni mbali, hata kama atanuna. Takoni mwa mtoto huyo inapita neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, na akichomwa mahali pasipofaa anaweza kubaki akiburuta mguu.